Serafim Dutra Brum, Mpiga Mikwaju Asiyeongeleshwa

Marehemu Serafim Dutra Brum alizaliwa Jumatatu tarehe 12 Machi 1951 katika kijiji cha Capelo, kisiwa cha Faial, katika visiwa vya Azori, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa António Brum na Maria da Glória Dutra. Mimi ninayewasomea ni Natália, binti yake wa kwanza. Padre aliniomba ukurasa mmoja. Nimeandika zaidi ya mmoja, na Padre ananifahamu vizuri, kwa hiyo atavumilia.

Septemba 1957, marehemu akiwa na miaka sita, volkano ililipuka baharini karibu kabisa na kijiji chao, na kwa miezi kumi na mitatu majivu yakamwagika juu ya mashamba, mapaa na masufuria. Watu wazima walilia kwa sababu mahindi yao yamefukiwa. Watoto walifurahi kwa sababu wamepata uwanja. Marehemu na kaka yake, baba mkubwa Hermínio, walifunga matambara kwa kamba na kucheza soka peku juu ya majivu yale laini, na Bibi alikuwa akisema kwamba kuwaogesha hao wawili ni kazi sawa na kufua makaa. Mei 1959 familia ilihamia hapa Fall River, Massachusetts, ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao katika mtaa wa Columbia. Babu aliingia kiwanda cha nguo, Bibi akashona mapazia katika kiwanda kingine, na marehemu akapiga mpira ukutani mpaka mwenye nyumba akapanda ngazi zote tatu kuja kumkanya.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya mjini kuanzia 1965 hadi 1969. Mwaka wake wa kwanza huko, mpira wake wa soka uliruka paa la ukumbi wa mazoezi na kutua juu ya gari la kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai. Kocha akaja uwanjani ameushika mpira mkononi.

"Nani kapiga huu?"

Wenzake wote wakamnyooshea kidole papo hapo. Marehemu alijua amekwisha. Kocha akamwekea chini mpira wa yai.

"Haya, na huu."

Akaupiga. Ukapita tena juu ya paa lile lile.

"Wewe kijana, mbona unapiga kwa ubavu wa mguu kama mtu anayefunga mlango wa friji huku mikono imejaa?"

"Ndivyo tunavyopiga kwetu, mwalimu."

"Kwenu wapi?"

"Ghorofa ya tatu, mtaa wa Columbia."

Baba alipenda kuisimulia hadithi hiyo, na kila mara paa liliongezeka urefu. Mguu ule wa kulia ulimpatia nafasi ya kusoma bure katika chuo kimoja cha Ohio, ambako alihitimu mwaka 1973 katika hisabati.

Jumamosi tarehe 20 Juni 1970, akiwa bado mwanafunzi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Deolinda Silveira, fundi cherehani katika kiwanda alichofanya kazi Bibi. Mama anasema alimkubali kwa sababu alikuwa kijana pekee wa mtaa ule aliyejua kusikiliza. Walijaliwa watoto wawili: mimi, niliyezaliwa Novemba 1971, na mdogo wangu Gilberto, aliyezaliwa 1975. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na mitatu na miezi kumi kasoro siku chache.

Mwaka 1973, baada ya timu mbili kumkataa kwa kuwa mwembamba mno, Wahunzi wa Toledo walimchukua, na akawachezea katika ligi kuu kwa misimu minane. Kwa wale waliokuja leo kwa ajili ya Mama na hawajawahi kuutazama mchezo huo, kazi yake ilikuwa hivi. Watu arobaini na kitu wanaumizana kwa saa tatu, halafu mambo yakibana anaitwa mtu mmoja mwenye jezi safi aupige mpira upite kati ya milingoti miwili. Ukipita, timu imeshinda. Usipopita, fulani amekosa. Marehemu alipiga mikwaju 189 na kupata 131, mrefu kuliko yote ukiwa wa yadi 51, kwenye theluji, dhidi ya upepo. Namba hizo amenipa baba mkubwa Hermínio, ambaye amezihifadhi kwa moyo na atamkosoa yeyote atakayezikosea.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niombe kuusoma wasifu huu mwenyewe.

Wachezaji wana desturi moja ambayo hakuna anayejua nani aliianzisha: mpiga mikwaju haongeleshwi. Wanaamini kwamba neno lolote litaingia kichwani na kumvuruga. Ndani ya basi la timu kiti cha pembeni yake huachwa wazi. Kwenye benchi huachiwa nafasi kana kwamba ana ndui. Wapinzani nao wana yao: anapokaribia kupiga, kocha wao husimamisha mchezo makusudi, ili mpigaji asimame pale katikati peke yake na kufikiri, na akishafikiri mguu uwe mzito. Hiyo wanaiita kumgandisha. Kwa hiyo marafiki walimnyamazia kwa kumpenda, na maadui walimnyamazisha kwa kumchukia, na mtu katikati ni yule yule.

Mama aliileta desturi hiyo nyumbani Toledo. Kuanzia Jumamosi jioni hadi mchezo wa Jumapili uishe, sisi watoto tulitembea kwa soksi, redio ilizimwa, na Baba alipewa chakula chake kama mgonjwa. Nikifungua mdomo, Mama aliweka kidole kwenye midomo yake. Alifanya hivyo kwa nia njema, na naomba Mama ajue kwamba hakuna anayemlaumu.

Jumapili tarehe 7 Januari 1979 ilikuwa nusu fainali, pale pale Toledo. Nilikuwa na miaka saba. Niliamka mapema nikamkuta Baba jikoni peke yake, amechovya mkate mtamu kwenye kahawa ya maziwa lakini hajaula, ameushika tu unadondoka vipande. Nilisahau sheria. Nikamuuliza:

"Baba, ukikosa itakuwaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akacheka.

"Nikikosa? Tutarudi nyumbani tule supu ya sukuma, ile ya mama yako yenye soseji. Na nikipata tutarudi tule hiyo hiyo. Hebu njoo. Jino lako vipi?"

"Linacheza. Gilberto anataka kulivuta."

"Usimpe. Gilberto hana leseni."

Tuliongea robo saa nzima, habari za jino, za mwalimu wangu, za paka wa jirani aliyenaswa kwenye bomba la mvua. Kisha Mama akaingia, na sijasahau uso wake.

"Natália! Umemwongelesha baba yako?"

Alinivuta mkono mpaka chumbani. Mchana huo, zikiwa zimebaki sekunde nne na Wahunzi wako nyuma kwa pointi moja, 17 kwa 16, Baba aliitwa kupiga yadi 34. Umbali huo alikuwa akiupiga hata akiwa na mafua. Wapinzani walisimamisha mchezo mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Alipopiga, mpira ulipita nje ya mlingoti wa kushoto. Nilikuwa jukwaani mapajani mwa Mama. Watu elfu hamsini walinyamaza mara moja, na mimi nikajua ni nani aliyefanya hivyo. Ni mimi.

Jioni ile supu ilipikwa na hakuna aliyeila. Sikumwambia mtu. Nilikua nayo, nikaolewa nayo, nikazaa nayo. Kila mara mtu alipotaja mwaka 1979 mbele yangu, hata kwa habari nyingine kabisa, nilinyanyuka kwenda kutafuta kazi jikoni.

Kumbe kilichofuata kilikuwa kigumu kwa Baba kuliko mkwaju wenyewe. Hakuna aliyemtukana usoni. Mashabiki wachache waliandika barua mbaya, akazitupa. Lakini wengine wote, wale wanaompenda, walinyamaza. Tuliporudi hapa kwa likizo, baba mkubwa Hermínio alizima runinga kila mpira wa Kimarekani ulipoonyeshwa, na aliizima haraka, kana kwamba ni picha ya aibu. Kinyozini mazungumzo yalikatika alipoingia. Wazee wa kilabu cha Wareno walimnunulia mvinyo na kumpiga mgongoni na kuzungumzia hali ya hewa. Mji mzima ulikubaliana kutomkumbusha, kana kwamba alikuwa na uwezo wa kusahau.

Wahunzi walimwachia Agosti 1981. Alirudi Fall River na kuajiriwa na idara ya maji ya mji, kusoma mita, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na mbili hadi alipostaafu mwaka 2013. Wenye digrii zao walishangaa. Mtu wa hisabati, aliyewahi kuonekana kwenye runinga, anainama kwenye vyumba vya chini vya watu na tochi? Yeye alisema anaipenda kwa sababu kila mlango una mtu mwenye la kusema. Wapo humu wanaokumbuka jinsi kusoma mita moja kulivyoweza kuchukua dakika arobaini na vikombe viwili vya kahawa. Mkubwa wake aliwahi kumwandikia onyo la maandishi kwa uchelewaji. Nilisoma onyo hilo na kucheka, na sikuelewa lilichokuwa linaniambia kuhusu baba yangu.

Machi 2021 alianza kujikwaa kwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Mama alimwambia aache kuburuta viatu. Oktoba mwaka huo madaktari wa Boston walituambia ni ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaokausha misuli, usio na tiba. Ulianza na mguu ule ule. Kisha mikono. Kufikia vuli ya 2023 ulifika kwenye ulimi.

Na sisi tulifanya nini? Tulifanya tulichojua. Tulimnyamazia. Mlikuja na mikate mitamu na vyungu vya maharage, Mungu awabariki, mkamsalimu kwa kumgusa bega, mkaenda kukaa jikoni na Mama. Baba mkubwa Hermínio alikuja kila Ijumaa, akakaa pembeni yake saa mbili wakitazama soka runinga ikiwa bila sauti. Gilberto alikuwa akirekebisha vitu: bawaba, bomba, kitasa, vyote bila neno. Mimi nilimkata kucha. Tukitoka nje tulinong'ona, "Mwacheni apumzike. Yeye ndivyo apendavyo, tangu zamani." Wakati huo bado alikuwa na sauti, inakwaruza lakini ipo, na hatukuiomba itwambie kitu. Hili linaniuma kuliko yote, na sitalipamba.

Jumapili tarehe 25 Februari 2024, baada ya chakula cha mchana, tulibaki wawili. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alikuwa na kibao cha herufi: unaonyesha mstari, kisha herufi moja moja, yeye anafumba macho kwenye ile anayoitaka, unaandika. Tulikitumia kwa maji, mto, dirisha. Siku ile nilishindwa kuendelea kubeba. Nikamwambia, "Baba, asubuhi ile ya Toledo nilikuongelesha. Mimi ndiye niliyekuharibia. Nisamehe."

Macho yake yakaenda kwenye kibao. Nilidhani anataka maji.

Aliandika: UMELIBEBA HILO TANGU LINI.

"Tangu siku ile ile."

NILIPIGA VIBAYA TU.

Nilianza kulia na yeye akaendelea, herufi moja moja, na nilikuwa naandika huku sioni karatasi. NILIKUWA NAOGOPA SANA. HAKUNA ALIYEJUA. WEWE PEKE YAKO ULINIULIZA.

Nikamuuliza, "Lakini Baba, si ulikuwa unataka tunyamaze? Miaka yote ile?"

Alifumba na kufumbua kwa haraka, namna yake ya kusema hapana. HAKUNA ALIYENIULIZA KAMA NATAKA.

"Basi kwa nini hukusema?"

Jibu hilo lilichukua karibu dakika kumi, na alichoka, na hakukubali niache. MLIKUWA MNAJITAHIDI SANA.

Niliwapigia simu watu wote alasiri ile ile. Tangu siku hiyo, kwa siku arobaini na sita, nyumba yetu haikunyamaza. Gilberto alimwambia kazini hawampendi na anafikiria kuacha, na akapewa ushauri wa herufi sita: SUBIRI. Baba mkubwa Hermínio alimwambia kwamba ile Januari alilia kwenye gereji ili mkewe asimwone. Baba aliandika, NINGEKUJA TULIE WOTE, na wazee hao wawili wakalia hapo hapo, miaka arobaini na mitano baadaye, runinga ikipiga kelele. Wendell Haskett, aliye hapa leo, ndiye aliyekuwa akipiga goti na kumshikia mpira kwa misimu yote minane. Aliendesha gari kutoka Ohio, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda na kofia mapajani.

"Sera," akamwambia, "miaka minane nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Sijui hata chakula unachopenda. Mjinga gani mimi?"

Baba aliandika: SAMAKI MKAVU. NA WEWE?

Bwana Haskett alitoka nje barazani na hakurudi kwa muda. Aliporudi alisema nyama choma, mbavu.

Mama ndiye aliyeongea kuliko wote. Alikuwa na akiba ya miaka hamsini. Alimgombeza kuhusu koti alilolisahau kwenye treni mwaka 1974, akamsimulia habari za kila mwanamume aliyemchumbia kabla yake, akamwomba radhi kuhusu kile kidole chake mdomoni. Baba aliandika kwamba habari za mchumba wa tatu hakuwahi kuzisikia na anaona wivu.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu. Mama alikuwa akimsimulia ugomvi wa majirani wa ghorofa ya pili, nani alimwagia nani maji, na alikuwa hajamaliza. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia nyumbani ndiye aliyemshika Mama bega kumjulisha. Mama bado ananiuliza kama Baba alisikia mpaka pale alipofikia. Sijui, Mama. Nadhani alikuwa anasikiliza.

Marehemu ameacha mke, Deolinda. Watoto wawili, Natália na Gilberto, pamoja na wenzi wao. Wajukuu wanne, Inês, Tiago, Camila na Duarte. Kaka yake Hermínio. Rafiki yake Wendell. Na wenye mita za maji wa kata tatu za mji huu.

Kwenye programu mliyoshika, chini ya maneno haya, imechapwa: Dakika moja ya ukimya. Kosa ni langu. Nilimpelekea mchapaji kwa mazoea, bila kufikiri, hata baada ya yote niliyowasimulia. Nilipoiona jana nililia kama mtoto. Nimemwomba Padre tuifute, na amekubali. Badala yake, kila atakayepita kutupia udongo, naomba amwambie Baba neno. Sauti itoke. Asiye na la kusema amuulize swali.

Naanza mimi, ili asiwepo wa kuona haya. Baba, ni Natália. Watu wamejaa mpaka barabarani. Gilberto amevaa tai yako na ameifunga vibaya. Mimi naogopa kurudi kwenye nyumba ile leo, naogopa sana, na nimeona nikwambie. Pumzika kwa amani, Baba. Tutaongea.